Adhana ya Pate na Mpira Uliokuwa Hewani

Jumapili, mwezi wa nane. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, na madirisha yangu yanagongana kama wajumbe wa kamati. Nimetoka kanisani nikiwa na furaha, jambo ambalo wanaonijua watalitilia shaka.

Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nimeshika fimbo. Leo sina fimbo. Nina miguu inayouma, pua iliyobambuka kwa jua, na shukrani ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Jana tulikwenda Pate kucheza besiboli.

Kwa msomaji mgeni: besiboli ni ndugu wa raunda, ule mchezo tuliocheza sote shule ya msingi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia besi kwa besi mpaka arudi alipoanzia. Kila anayerudi ni alama moja. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha. Aliyeyaelewa hayo ataelewa yote nitakayosimulia. Na asinijie mtu kusema ni mchezo wa wasichana. Hoja hiyo nilishaizika, na kaburi lake liko humuhumu kwa anayetaka kulizuru.

Mchezo huu uliletwa hapa Amu, Lamu ya kwenye ramani, na daktari mmoja wa kutoka Kuba, aliyefanya kazi hapa miaka michache kisha akarudi kwao. Nilikuwa nimelazwa kwa homa ya mapafu, na kila alasiri nilisikia kitu kikigonga ukuta wa nje. Pu. Kimya. Pu. Kimya. Siku niliyopata nguvu ya kusimama nilijifunga leso nikatoka kwenda kumkemea huyo anayegonga ukuta wa wagonjwa. Nikamkuta daktari wangu mwenyewe, koti jeupe kalitundika kwenye tawi, anarusha mpira ukutani na kuudaka. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno ya maumivu tu: wapi, lini, sana, kidogo. Nilimsomea mashtaka yake yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanivisha glavu mkononi, akasema, "Kidogo." Akarudi nyuma, akarusha.

Niliudaka. Sijapona tangu siku ile.

Alipoondoka alituachia glavu na gongo moja, ambalo halikudumu. La pili tulimwagiza fundi wa milango pale Langoni. Lakini fundi wa Amu hawezi kuuacha mti uchi. Alituletea gongo lililochongwa maua na minyororo kuanzia kichwani mpaka mpinini, zuri la kutundikwa sebuleni, na kila mpira uliogusa ua ulikwenda upande wake. Tulicheza nalo msimu mzima tukilaumiana sisi kwa sisi kabla ya mtu kufikiria kuyalaumu maua. Siku hizi anatuchongea laini, ila mpini lazima aupambe. Hilo ni sharti lake na hatubishani naye. Mipira tunashonewa na fundi wa makubadhi, uzi wa nyavu ndani, ngozi nje.

Nimesoma vitabu vingi vya kuieleza imani, na vingine nimevijibu kwa hasira katika ukurasa huu. Lakini mtu akiniuliza ni wapi nilijifunza kungoja, nitamwambia ni uwanjani. Besiboli karibu yote ni kungoja. Watu tisa wanasimama juani wakimtazama mtu mmoja anayefikiri. Hakuna saa inayokimbiza mchezo; unaisha ukiisha. Nami ni mwanamke nisiyeweza kungoja mtu amalize sentensi yake. Mungu alijua dawa yangu, akaituma kutoka Kuba.

Timu ziko mbili tu katika visiwa vyetu vyote, yetu ya Amu na ile ya Pate. Yetu ni vijana wa mashua wa Ras Kitau, walimu wenzangu wawili na muuza madafu. Ya Pate ni wakulima na wavuvi. Wote ni Waislamu isipokuwa mimi, na mimi sichezi. Mimi ni refa. Pate wenyewe ndio walionichagua. Nahodha wao, Bwana Shee, alisema mbele ya watu, "Mwalimu Esta hana ukoo Amu wala hana ukoo Pate, na hakuna ambaye hajagombana naye. Refa ni huyo."

Nimewahi kusifiwa kwa mambo mengi. Hiyo ndiyo sifa niliyoiamini.

Sasa niseme kwa nini jana nilipanda mashua kwa hofu. Mechi iliyotangulia, iliyochezwa kwetu, iliisha vibaya. Mpira wa Pate ulimgonga punda aliyekatiza uwanjani, ukapotea njia, nami nikaamua kwamba uchezwe upya. Bado nasema niliamua sawa. Lakini Pate waliona wameonewa, na Shee alinijia baadaye akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Mwalimu, tutacheza mara moja zaidi, kwetu. Siku hiyo tukirudi nyumbani na dukuduku tena, basi. Kuna kandanda, tutacheza kandanda kama watu wengine."

Hakuwa anatania. Na Pate wakiacha, tutacheza na nani? Timu moja ni watu wanaofanya mazoezi ya kitu kisichokuja.

Kwangu mimi si mchezo peke yake. Watoto wangu wako bara. Kanisani tu wachache, na nusu ya hao nimeshawaandika humu. Nilipougua tena mwaka huu, walionigongea mlango kuuliza kama nimekula ni wake na mama wa wachezaji hawa, wa Amu na hata wa Pate, walioniletea samaki kwa mashua ya abiria. Watu hao nimepewa na mpira. Jana nilijua kwamba neno langu moja lililokosewa linaweza kunipokonya wote.

Kuna jambo moja zaidi la kueleza. Tuna kanuni ambayo sidhani iko kwingine duniani: adhana ikianza, mpira umekufa. Uwe mkononi, uwe kwenye gongo, uwe hewani, hauhesabiwi. Watu wanakwenda kuswali, na wakirudi unarushwa upya. Uliopigwa ukagusa ardhi kabla ya adhana ndio tu unaohesabiwa, na mbio zake pia. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, katika uwanja wetu ulio nyuma ya mji, ambako msikiti unaotufikia kwa sauti safi ni mmoja tu.

Yuko bwana mmoja anayeandika maoni chini ya kurasa zangu, anajiita Mlinzi wa Imani. Anasema Mkristo anayesimamisha mchezo kwa adhana ameshainama nusu. Bwana Mlinzi, mama yangu alikuwa mzee wa kanisa, na adhana ilipoanza alipunguza redio. Hakuinama. Alikuwa na jirani. Ukikaa katika mji ambao ukuta wako ndio ukuta wa mwenzako utaijua tofauti ya mambo hayo mawili. Ukikaa nyuma ya kioo cha simu hutaijua. Na kama imani yako inayumba kwa sababu mtu mwingine amenyamaza kidogo ili jirani yake asali, usiilaumu adhana. Kagua msingi.

Haya, nimeishika fimbo. Naiweka chini.

Tulishukia bandarini Mtangawanda tumelowa, tukaenda mpaka mjini Pate, na wakatulisha kwanza. Hilo ndilo gumu la kuwa refa huku kwetu. Adhuhuri unakula wali wa mtu, alasiri unamwambia ametoka. Tena kwao mgeni hupewa zamu ya mwisho ya kupiga. Dunia nzima hufanya kinyume, lakini dunia nzima haina adabu za Pate.

Uwanja wao uko kati ya mji na mashamba ya tumbaku. Mimi husimama upande wa mjini, nyuma ya mdakaji, mahali pa kupigia. Upande wa mbali, mashamba yanapoanza, kuna msikiti mdogo wa wakulima. Nauona vizuri. Sikuwahi kuufikiria.

Walicheza vizuri, wote. Sikumbuki mechi nyingine ambayo watu walikimbia namna ile na kuzomeana kwa furaha namna ile. Ilipofika zamu ya mwisho Pate walikuwa mbele kwa alama moja. Amu tulikuwa tukipiga, wawili wameshatoka, mmoja amesimama besi ya pili. Akitoka mmoja tu, Pate wameshinda.

Akaingia Twalibu. Twalibu ni wa mashua za Ras Kitau, mabega kama mlango wa mbao mbili. Na kule mbali kabisa, karibu na tumbaku, alikuwa amesimama Kombo. Kombo ni mkulima, na ndiye mwenye majigambo kuliko watu wote ninaowajua, nami nimefanya kazi chini ya walimu wakuu wengi.

"Uleteni huku," Kombo akapaza sauti. "Mikono imenilala."

"Nitauleta mpaka mdomoni mwako," Twalibu akamjibu, "upate kufungika."

"Mdomo huu hata mke wangu ameushindwa. Piga."

Akapiga.

Mpira ulikwenda juu, juu sana, ukaelekea kulekule kwa Kombo. Alirudi nyuma kidogo, akanyanyua glavu. Nikasema moyoni, hiyo imekwisha. Kisha Kombo akashusha mkono. Akasimama tu. Mpira ukaanguka nyuma yake, ukaruka, ukaingia katika tumbaku. Na hapo wachezaji wawili wa Pate waliokuwa upande wake wakapaza sauti, "Adhana, adhana," nao wakasimama.

Mimi nilikuwa upande wa pili na upepo masikioni. Sikusikia adhana yoyote. Nilichosikia ni watu wetu wakiwaita wakimbiaji waje. Aliyekuwa besi ya pili akaingia. Twalibu akazunguka zote. Alikuwa ameshakanyaga nyumbani, pale alipopigia, ndipo kipaza sauti cha msikiti mkubwa wa mjini kilipoanza, Allahu Akbar, na kila mtu akasikia.

Wakasubiri adhana iishe, kwa adabu, vifua vikipanda na kushuka. Halafu mabishano yakaanza.

"Mpira umekufa," Shee akasema. "Mskiti mdogo hutangulia. Mtu yeyote wa Pate anajua."

"Bwana Shee, mimi si mtu wa Pate," Twalibu akasema. "Nimeisikia adhana ya mui, ya mskiti mkubwa, nami nishafika nyumbani."

"Kwani adhana ya shamba si adhana?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema sikuisikia. Ningeisikia ningesimama. Wanifahamu mimi ni mtu wa kukimbia juu ya adhana?"

"Na Kombo wamfahamu ni mtu wa kuachia mpira?"

Wale wawili waliopaza sauti wakaulizwa. Walikuwa wanautazama mpira, wakasema. Adhana waliisikia, lakini kama ilianza mpira ungali juu au umeshafika chini hawakuweza kuapa. Kombo alikuwa bado anautafuta mpira ndani ya tumbaku. Na watu wote wakanigeukia mimi.

"Mwalimu, sema."

Nikiri jambo hapa. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na hoja ya upande huu na hoja ya upande ule, zote mbili safi, zote za kushinda, na ulimi ulishaanza kujiweka sawa. Nimeishi kwa kazi hiyo. Nipe watu wawili wanaobishana nami nitapata namna ya kuwashinda wote wawili.

Kisha nikaona walichoniuliza. Hawakuniuliza habari ya mpira. Waliniuliza mimi, Mkristo, ni adhana ipi iliyo adhana. Nikiamua kwa Amu, nimesema msikiti wa wakulima haukuadhini. Nikiamua kwa Pate, nimewaambia watu wa Amu kwamba walikimbilia alama juu ya jina la Mungu. Kwa neno lolote nitakalotoa, kuna watu watakaorudi nyumbani na kidonda, na nimewatia mimi ambaye sina haki hata ya kuingia katika mazungumzo hayo. Ile kanuni niliyojivunia, niliitunga bila kuuliza: adhana ya nani? Kwetu ilikuwa moja. Sikufikiria mahali ambapo ni nyingi.

"Mpira nitauamua," nikasema. "Adhana siwezi. Nendeni mkaswali. Mkirudi mtaniambia nyinyi ilianza lini, nami nitawaambia mpira ulikuwa wapi."

"Mwalimu hana la kusema," Twalibu akawaambia wenzake. "Muikumbuke siku hii."

Walicheka wa Amu. Shee hakucheka. Akaokota kofia yake, akasema, "Tutarudi." Hakusema watarudi kucheza.

Wakaondoka pamoja kuelekea mjini, timu zote mbili katika njia moja, Kombo wa mwisho, glavu kaibana kwapani.

Nikabaki na rundo la glavu na gongo lenye mpini wa maua. Baada ya muda akaja Bi. Rukia, mama yake Shee, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka uwanjani. Alikuwa ameshaswali kwake. Alinibebea kahawa na kaimati katika bakuli, akaketi kando yangu kwenye mchanga bila kuuliza.

"Umenyamaa, Mwalimu. U mgonjwa?"

"Mzima, Bi. Rukia. Nangoja."

"Wewe? Kungoja?" Akaangalia juu. "Basi leo itanyesha."

"Ulitaka niseme nini?"

"Mimi sitaki kitu. Ila kila siku wasema, nikadhani wayuwa yote."

"Mwanao anataka kuuacha mchezo."

"Nayuwa. Nami sitaki auwate. Akiuwata, alasiri zote atakaa nyumbani anifundishe kupika." Akanisogezea bakuli. "Kula. Uombe na wewe, mimi nishaomba."

Nikaomba. Sikuomba hekima. Hekima naijua, kila nikiiomba hupewa hoja. Niliomba kinyume cha desturi yangu, nisipewe neno. Nilimwambia Mungu kwamba nawapenda watu hawa na sitaki kuwakosa, na kwamba kama wataniacha, basi waniache kwa jambo lisilotoka kinywani mwangu. Ni ombi la kuona haya. Ndilo nililokuwa nalo.

Kanisani tunasema Mungu ndiye hakimu, kisha tunashinda wiki nzima tukimsaidia kazi. Mimi ni msaidizi wake mwenye bidii sana. Jana, kwa muda wa kikombe cha kahawa, niliiacha kazi kwa mwenyewe, na nilishangaa jinsi mikono ilivyokuwa myepesi.

Wakarudi. Shee alikuwa mbele, uso umekaza.

"Tumemuuliza muadhini," akasema. "Mskiti mdogo ulitangulia. Kwa kiasi gani, hakuna ajuaye. Kwa hivyo, Mwalimu, sisi twasema..."

"Nguja kidogo," Kombo akasema.

Alikuwa nyuma ya wengine. Alisogea mbele, akaiangalia glavu yake, si mtu yeyote.

"Adhana niliisikia."

"Mwaona," Shee akasema.

"Niliisikia mpira ushaanguka."

Wenzake wakamgeukia.

"Yuwa lilinipija matoni," Kombo akasema. Jua lilikuwa limeshuka upande wetu, na yeye alikuwa akilitazama. "Nilinyanyua mkono, nikaukosa mpira. Siuoni. Nikashusha mkono kwa kuwa sikujua pa kuuweka. Ukaanguka, ndipo ikaadhiniwa. Hawa wakasema adhana, nikaona Mungu amenisitiri, nikanyamaa." Akameza mate. "Sasa hivi nimesimama safuni, kulia Twalibu, kushoto Shee. Bega kwa bega. Sikuweza kuswali. Nimeswali kwa mwili tu. Itabidi niirudie."

Shee alimtazama rafiki yake. Nilijua anachokiona. Ushindi ulikuwa mkononi mwake, nyumbani kwake, mbele ya mama yake, na mtu wake mwenyewe alikuwa anautoa.

Twalibu ndiye aliyesema kwanza. "Mimi siitaki hii. Nirushieni upya."

"Hurushiwi," Kombo akasema.

"Nimesema siitaki. Mtu kupigwa na jua si kupigwa na mimi."

"Ulipiga wewe ama lilipiga yuwa? Ulipiga wewe. Chukua chako."

"Kombo, usinilazimishe."

"Nakulazimisha."

Wakagombana. Nawaambieni ukweli, waligombana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, kila mmoja akimsukumia mwenzake ushindi. Nimehudhuria midahalo mingi, ya walimu, ya makanisa, ya wagombea uchaguzi. Sijawahi kuona mdahalo kama huo, na sikuwa na la kuongeza.

Lakini hapo sasa kazi ilikuwa yangu. Adhana walikuwa wameshaniambia. Mpira niliuona mwenyewe.

"Mpira uligusa ardhi kabla ya adhana," nikasema. "Alama mbili. Amu wameshinda."

Hawakushangilia, watu wetu. Walikwenda kumpa Kombo mkono, mmoja mmoja. Alipomaliza kupokea mikono, Kombo wa siku zote akarudi mahali pake.

"Lakini uandike, Mwalimu, kwamba lisingekuwa yuwa ningeudaka kwa mkono wa kushoto, nimefumba jicho."

"Nitaandika."

Nimeandika.

Nilikuwa nakusanya vitu vyetu Shee aliponijia. Nikasimama wima kama mtu anayengoja kusomewa hukumu, maana ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wameshindwa tena, tena kwao.

"Tumeshindwa," akasema. "Mara ile hatukushindwa, tulishindishwa. Leo tumeshindwa."

"Bwana Shee..."

"Nguja nimalize." Nikangoja. "Sina dukuduku. Mwezi ujao tunakuja Amu. Kanuni ya adhana tutaiweka sawa sisi wenyewe, sisi na kina Twalibu, na wewe utaambiwa."

"Nitaambiwa," nikasema.

"Na refa ni huyuhuyu. Nimewauliza wote. Kombo ndiye aliyekutaja kwanza." Akafikiri. "Walisema leo ulinyamaa vizuri."

Nilimpa mkono tu, akaupokea kwa yake yote miwili, na Bi. Rukia akatuambia tuache kusimama kama watu wanaopigwa picha, maji yatakupwa na mashua itatuacha. Kutoka huko hadi Amu sikumbuki nilisema nini. Waliokuwa nami wanasema sikusema kitu, na kwamba Twalibu alinishika kipaji cha uso mara mbili kuona kama nina homa.

Leo asubuhi kanisani ulifika wakati wa shukrani, nikasimama. Niliwaona watu wakijikaza katika viti vyao. Mchungaji akaangalia saa. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa mtu mmoja wa Pate aliyesema kweli," nikaketi. Wote wakaendelea kuningojea, kisha kwaya ikaona ianze tu.

Sikuona haja ya kuongeza. Lakini hapa nyumbani, madirisha yakigongana, nimekuwa nikimfikiria Kombo, na naona neno moja limebaki.

Hakuna aliyemwona. Kisingizio hakukitafuta, kilimjia chenyewe, tena kilimjia kikiwa kimevaa nguo za ibada. Angenyamaza tu. Wenzake wangemtetea, na wangemtetea kwa kuitetea dini. Refa angekaa kimya, kwa kuwa refa aliogopa. Angebaki na mpira wake, na jina lake, na hata uchaji wake.

Mimi nimesoma kuliko Kombo. Visingizio vyangu vitakuwa vizuri zaidi, na vitakuja na maandiko. Na ndiyo maana jioni hii, pamoja na shukrani yote hii, kuna swali ambalo siwezi kulibishia: siku imani yangu itakaponipa mahali pazuri pa kujificha, je, sala yangu nayo itanigomea, kama ya Kombo?